Kwale Aliyemzika Mama Yake Hewani

Kwale alitaka kuonekana kwenye televisheni kuliko alivyotaka kula. Akamwendea Nguchiro, mwenye kipindi cha waimbaji, akaimba mpaka koo likamkauka.

"Sauti unayo," Nguchiro akasema, "ila watazamaji wangu wanapenda machozi. Kwenu amekufa nani?"

"Hakuna."

"Basi nenda zako."

Kwale akafika mlangoni, akageuka. "Mama yangu," akasema. "Amefariki jana." Wala hakuona haya.

Jioni ile aliimba huku akigaragara kwa kilio, na pori zima likalia naye. Asubuhi majirani wakabeba unga na mikeka kwenda matangani. Wakamkuta marehemu uani, anapepeta mtama.

"Karibuni, kaeni," mama mtu akawaambia. "Msiba upo kweli. Nimefiwa na binti."

Wiki iliyofuata Kwale akarudi kwa Nguchiro, amejipodoa mpaka mdomo.

"Leo unamzika nani?" Nguchiro akauliza.

"Sina mwingine."

"Aa! Mwenye msiba mmoja atanifaa nini? Hebu niitieni Panya, huyo ana ndugu wengi."

Kwale akarudi nyumbani, njaa inamuuma. Harufu ya ugali wa mtama ikampokea kutoka mbali.

"Hodi, mama! Nipakulie, nakufa njaa!"

Mlango haukufunguliwa. Sauti ikamjibu kutoka jikoni, taratibu kabisa: "Umenizika mwenyewe, mwanangu, tena mbele ya pori zima. Marehemu hapakui."