Mikono Yangu Nyumbani kwa Mwajabu

Binti yangu Mwajabu alipohamia Dodoma alibadilisha mitambo yote ya nyumba, hata mfumo si ule wa zamani. Nikajua nitaanza upya. Lakini nilipojiunga kwa mtandao kutoka huku Pangani, mikono mipya ya chuma ya jikoni kwake, ninayoiendesha kwa mbali, iliamka ikiwa yangu kabisa! Maandishi makubwa kwenye skrini yangu, ninavyopenda. Mkono wa kushoto taratibu, kwa ajili ya baridi yabisi. Hata namna ninavyozungusha kifuu nikikuna nazi imehifadhiwa. Waliobuni kitu hiki, Mungu awape heri.

"Mipangilio yako yote imehama, Mama," alisema Mwajabu. "Hakuna hata mmoja uliopotea."

Nikakuna nazi, nikakanda chapati, raha tupu. Kisha mjukuu wangu Nasri akalia kwenye kitanda chake pale jikoni. Nikanyoosha mikono nimbebe. Ikazimika papo hapo, ikaning'inia.

Kwenye nyumba ya zamani pia mikono ya kule ilizimika kila nilipotaka kumshika mtoto. Mwajabu alikuwa akiniambia imechakaa.

"Acha, Mama, nitambeba mimi," alisema sasa, bila kuitazama kamera.

Nikaiangalia mikono. Viwikoni bado ilikuwa na nailoni ya dukani: haikuchakaa, bali huo nao ni mpangilio aliouweka Mwajabu, ukahama na mingine.