Hondohondo na Habari ya Moto

Enzi redio ilipokuwa mali ya wanyama, mtangazaji alikuwa Hondohondo, ndege aliyelewa sauti yake mwenyewe. Siku ya sherehe ya Mzee Simba, Pimbi aliingia studio akihema.

“Kaka, moto umeshika bondeni! Tangaza wenzetu wahame.”

“Habari mbaya leo? Mzee atanitimua! Mkia wenyewe huna, habari utaitoa wapi?” Hondohondo alicheka, akaendelea kusoma salamu za kumpongeza Mzee.

Walioona moshi walikimbia. Mke wa Hondohondo hakuona kitu. Alikuwa anaatamia ndani ya shimo la mti, na mumewe alikuwa ameliziba kwa udongo, kama ilivyo desturi yao. Pimbi alikwenda akagonga.

“Shemeji, toboa utoke! Moto!”

“Niache mie na uzushi wako. Redio ninayo humu, namsikia baba watoto anavyochekesha. Moto ungekuwepo, angeniambia.”

Jioni Hondohondo alirudi na tunda mdomoni, akakuta mti umekuwa mkaa. Asubuhi alisoma tangazo la msiba, na safari hii hakumwomba Mzee ruhusa.