Ndugu wa Fundi

Sheria inasema helikopta hairuki mpaka ndugu wa fundi aliyeisainia awe ndani. Leo niliona ufa mwembamba kama unywele kwenye shina la panga linalozunguka juu yake. Chuma kimechoka. Nikakataa kusaini.

"Mashine ya ukaguzi haijaona ufa, Mzee Shomvi," bosi akasema.

"Basi ipande mashine na mama yake!"

Akacheka, akampa karatasi Makame, fundi mwenzangu na kaka wa mke wangu. Mjinga yule alisaini bila hata kupanda ngazi.

Nilirudi nyumbani nikitukana njia nzima. Mezani nikakuta chai ya moto na kikaratasi cha mke wangu: "Kaka ameniomba nikapande. Si ndiyo ile uliyoikagua wewe? Basi sina hofu."

Nikatoka mbio uani. Ilikuwa inapita juu ya bati letu.