Mti Anaolala Nyani

Mvua ilipoadimika mlimani, Nyani, mganga wa mvua, aliamuru mti mkubwa uchomwe kila kiangazi ili moshi uite mawingu.

Pimbi akapiga kelele, "Mzee, miti ndiyo inayonasa ukungu! Mnachoma mvua yenyewe!"

"Wewe hata mkia huna," Nyani akamkemea, "mambo ya mbinguni utayajulia wapi?"

Wanyama wakacheka, wakachoma. Chemchemi ikakauka. Ndama wa Nyati wakafa kwa kiu.

Ukabaki mti mmoja tu, anaolala Nyani. Nyati akauendea na kijinga cha moto mdomoni.

Nyani akaruka mbele yake. "Huu msiuguse! Huu ndio unaotuletea mvua!"

Pimbi akamgeukia Nyani. "Kumbe ulijua, mzee!"

Nyati akakitema kijinga, akamwinamishia Nyani pembe.