Tawi la Makaburini

Kampuni ya maduka ya bei poa ilikuwa imefungua tawi kila mtaa, na wenye maduka wote mjini wakafunga isipokuwa Sikudhani. Ilipofungua jingine kando ya makaburi alikozikwa mumewe, alikwenda kumkabili meneja mchana kweupe.

"Mwanangu, huku mtamuuzia nani?"

"Mama, sisi tunafuata penye watu wengi wasio na duka," meneja alijibu kwa upole.

Sikudhani alitaka kucheka. Mara mlango wa kioo ukafunguka wenyewe, ukajifunga, ukafunguka tena, na hakuna aliyeonekana akiingia.

"Shikamoo, mzee. Karibu," keshia alisema, akiitazama nafasi tupu.

Kikapu kimoja kikainuka taratibu kutoka sakafuni, na Sikudhani akajikuta akikipisha njia.