Siku ya Arobaini na Moja

Sheria iliruhusu hasira ya msiba kwa siku arobaini tu. Baada ya hapo mfiwa alipelekwa Kituo cha Utulivu, akazungumzishwa, akalazwa usingizi kwa maneno, akafundishwa kupumua.

Mutashobya alitangulia. Aliporudi alikunywa uji, kisha akamwambia mkewe, Kokubelwa, "Ukuta wa shule ulianguka, mama Asimwe. Kuta huanguka."

"Ulimwangukia mwanao! Mkandarasi alijenga kwa mchanga mtupu, nawe uliapa kumburuta mahakamani!"

"Vuta pumzi, mke wangu. Sikiliza ndege."

Kokubelwa alimpokonya bakuli la uji akalibamiza sakafuni.

Zamu yake ilipofika, aling'ata ulimi mpaka ukatoka damu ili asisinzie. Mwishowe mshauri alimuuliza kwa upole, "Unajisikiaje, mama?"

"Nimetulia," alidanganya, akatoka na ghadhabu yake yote, akijua amewashinda.

Nyumbani alimkuta mumewe sebuleni na mgeni. Alikuwa mkandarasi mwenyewe, amekuja kutoa pole. Kokubelwa alimsogelea, akafungua kinywa amtukane.

"Karibu chakula, baba," alijisikia akisema.