Mkufu wa Hafswa

"Mafua ndiyo yakulaze wiki nzima? Mimi nilizaa saa nne, saa sita niko jikoni." Hafswa alimwambia hivyo mkaza mwanawe, kwa sauti ya kuwafikia wageni sebuleni.

Binti yule akakohoa, akashika kifua. Hafswa akabetua mdomo.

Akamzungushia shingoni mkufu wake wa dhahabu, ili wageni wale, ndugu zake yeye Hafswa waliotoka Frere Town, wasije wakasema mke wa mwanawe hapambwi. Mkufu haukufika. Jana ulifungika, na nafasi ikabaki.

"Mgonjwa gani huyu wa kunenepa shingo?"

Akabonyeza mnofu kwa kidole apate kufunga kulabu. Chini ya ngozi kukaalika kwa mlio mdogo mdogo, kama kachri za viazi zinazovunjwa ndani ya mfuko. Akabonyeza tena, juu ya mtulinga. Kukaalika tena. Haukuwa mnofu. Ulikuwa upepo.

"Mama," binti akasema, na sauti ikatokea puani, nyembamba, si yake. "Tangu kile kikohozi cha alfajiri kilichonipasua kifua, pumzi hainitoshi."

Sebuleni walikuwa bado wanamcheka, kama Hafswa alivyowafunza. Akauacha mkufu uanguke, akafungua mlango.

"Nyamazeni! Nani ana gari?"